Dansi ya Polepole ya Bibi Verna

Asubuhi ile nilimkuta bibi yangu amesinzia huku amemwegemea ng'ombe. Mashine ya kukamua ilikuwa imeshamaliza kazi na inavuta hewa tu, na ng'ombe mwenyewe, Petunia, alikuwa amegeuza shingo akimtazama kama mtu anayejiuliza amwamshe au amwache. Ilikuwa Februari ya Vermont, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Ndani ya zizi ng'ombe walikuwa wanatoa joto la kutosha kumvua mtu koti, lakini Bibi Verna alikuwa amevaa sweta tatu na kofia ya marehemu babu ya kuwindia, ile yenye masikio.

"Bibi."

"Sijalala," alisema bila kufungua macho. "Namsikiliza tumbo."

"Unamsikiliza Petunia tumbo?"

"Ndiye pekee humu ndani ambaye tumbo lake linafanya kazi. Nimetaka nisikie linavyofanya."

Tezi ya shingo ya bibi ilichoka zamani, kabla sijazaliwa, na tangu hapo anaishi kwa kidonge kimoja cha asubuhi kinachofanya kazi ambayo tezi imeiacha. Miaka ya karibuni kidonge kilikuwa kimezidi nguvu na hakuna aliyegundua, maana ulikuwa ukimtazama unapenda: mwanamke wa miaka sabini na nne anayekamua, anayepasua kuni, anayeoka mikate, na bado ana pumzi ya kumgombeza tarishi. Kumbe moyo ulikuwa unamkimbia kifuani na mifupa inakonda. Siku moja moyo ulimwenda mbio mpaka akashika pembe za ng'ombe ili asianguke. Mwezi Januari Daktari Haskins akaangalia damu yake, akaangalia picha ya mifupa yake, akampunguzia kidonge.

Basi bibi akapoa. Mwanzoni tulicheka. Alikuwa anavaa soksi juu ya soksi na kukaa karibu na jiko la kuni hadi nyuzi za sweta zikaanza kunuka moshi. Baadaye uso ukavimba, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na sauti ikashuka, ikawa nzito kama ya mwanamume aliyelala na koo wazi. Alikuwa anaingia stoo na kutoka mikono mitupu, akiuliza alifuata nini. Maneno yalimjia, lakini yalikuja kwa miguu.

Ingekuwa kuchoka peke yake nisingesema kitu. Lakini Bibi Verna ndiye mwita dansi wa East Corwin. Kwetu, Jumanne ya kwanza ya Machi mji mzima hukutana kupiga kura juu ya barabara, shule na theluji nani aiondoe, na watu huambiana mambo ambayo hayasahauliki upesi. Jumamosi yake tunaingia ukumbi wa wakulima, fidla inalia, na mtu aliyekuita mwizi wa kokoto siku ya Jumanne unalazimika kumshika mikono na kumzungusha. Mji wetu ni watu mia nne. Bila Jumamosi ile nadhani tungekuwa tumeshauana.

Mwita dansi hukaa jukwaani na kuwaambia watu la kufanya, kwa vina, juu ya muziki. Siri ya kazi yake ni kwamba hutamka jambo kabla halijafika. Mguu wa mchezaji unatua pale ambapo neno limeshapita. Neno likichelewa nusu pumzi, watu sitini wanagongana. Bibi alikuwa hachelewi. Alikuwa anaita, anatania, anamsema fulani suruali yake, na bado anarudi kwenye mdundo. Na tangu nina miaka kumi na saba, maneno yale ya vina namwandikia mimi. Hakuna aliyenifundisha. Nilisikiliza, nikahesabu mizani kwa vidole nikiwa nyuma ya trekta, nikaandika. Mistari yangu ni mizuri. Anayebisha aandike yake.

Wiki ile akaja Bi Opal Stannard, mwenyekiti wa kamati ya dansi, ameleta keki. Hakukuwa na msiba wala sikukuu, kwa hiyo tulijua keki ile ina maneno ndani yake.

"Verna, uso umevimba," alisema akivua glavu.

"Na wewe umezeeka, lakini mimi nimekukaribisha kahawa kwanza."

"Jumapili kanisani umeimba besi."

"Waliokuwa na besi wamekufa. Nimewasaidia."

"Na jana nimekupigia simu, ukaniita Gladys."

Gladys alikuwa dada yake Bi Opal, tulimzika zamani. Bibi alikoroga kahawa. "Gladys alikuwa na akili. Ungeshukuru."

Bi Opal akacheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Kuna kijana mmoja Burlington, anaita dansi kwa kompyuta. Anabonyeza, inaita. Kamati imeniambia nikuulize tu. Mwaka huu upumzike."

Zamani jibu la bibi lingemkuta Opal kabla hajafunga mdomo. Safari hii tulisikia saa ya ukutani. Nilimwona analitafuta, macho yameenda dirishani, midomo inaanza na kuacha. Na Bi Opal akaona kwamba nimeona.

Nikasimama. "Bi Opal, nyumba hii imekuwa ikiita dansi tangu ukumbi ule haujaezekwa bati. Leo mnaleta kopo liongee na watu?"

"Royce," alisema bibi. "Kata keki."

Nikakata keki. Bibi akamgeukia mwenzake, na jibu lilikuwa limefika. "Jumapili kabla ya mkutano wa mji, njoo hapa jikoni unisikilize. Nikivuruga, mwite kijana wako na kompyuta yake, na mimi nitakuja kucheza kama watu wengine."

"Kweli?"

"Nimesema."

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwenye droo ya jikoni. Chupa ya vidonge vya zamani, vile vyenye nguvu, ilikuwa bado mle pamoja na betri na kamba. Niliiweka mezani mbele yake.

"Meza hivi mpaka Jumamosi ya dansi ipite. Wiki mbili tatu. Kisha urudi kwenye vidogo."

Aliishika chupa, akaitikisa, akaisikiliza. "Usidhani sijaviwaza. Kila ninapopanda ngazi naviwaza. Nilikuwa naipenda ile mbio, Royce. Nilikuwa naamka kama mtu aliyeitwa."

"Basi."

"Basi siku ile ya pembe za ng'ombe nilidhani nakufa, na jambo nililokuwa nalifikiria ni kwamba ndoo nimeiacha njiani utajikwaa." Akaisukuma chupa kwangu. "Peleka duka la dawa wavitupe wanavyojua wao. Vikibaki humu ndani nitavimeza."

Nilivipeleka. Lakini nilikuwa nimejaa hasira na hasira ilihitaji mtu, kwa hiyo nikapiga simu kliniki. Nilitarajia kuzungushwa, akapokea Daktari Haskins mwenyewe. Nikamweleza yote bila kupumua: sweta tatu, sauti, nywele, Gladys, na kwamba amemchukua mwanamke mzima akaturudishia nusu.

"Royce, punguza sauti, nakusikia," alisema. "Nilitarajia apoe kidogo. Haya uliyonieleza ni mengi kuliko dozi niliyopunguza. Anameza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukamua."

"Na nini?"

"Na maziwa."

"Kiasi gani?"

"Kile kikombe kikubwa. Kutoka kwenye tangi."

"Zamani pia alikuwa anameza na maziwa?"

"Zamani alikuwa anameza na maji. Maziwa ameanza ulipomwambia mifupa imekonda. Amesema kama mifupa inataka maziwa, hapa imefika nyumbani."

Akakohoa mara mbili. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka, na namheshimu kwa kujizuia. "Maziwa yanakishika kidonge kile tumboni. Kinapita bila kuingia vizuri kwenye damu. Mimi nimempunguzia kidogo, na yeye amejipunguzia tena kila alfajiri kwa kikombe."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, mara nyingine kwa haki. Lakini kuambiwa kwamba tatizo ni maziwa yetu, maziwa ya nyumba ambayo imelelewa, imesomeshwa na imezikwa kwa maziwa, hilo lilinikalisha chini.

"Maziwa yetu yana kosa gani?"

"Hayana kosa. Yasubiri foleni tu. Kidonge kwa maji, tumbo tupu. Saa nzima ndipo ale. Maziwa yaje mchana. Na usiniombe nimwongezee dozi leo. Tukirekebisha hili halafu tukaongeza, moyo utaanza tena mbio. Njoo naye kesho tuchukue damu, na Aprili tutachukua tena."

"Dansi ni Machi."

"Najua, nitakuja kucheza. Atapata nafuu, ila haitakuja kwa wiki moja. Mwili huu unakwenda kwa majuma. Alale mchana asione haya, atembee hata kama ni kuzunguka zizi, na ale shayiri na plamu kavu kwa ajili ya lile jambo la Petunia."

Nilikuwa nimemweleza hata lile jambo la Petunia.

Bibi nilimwambia mbele ya Mzee Armand, mpiga fidla wetu, aliyekuja kuchukua galoni yake ya maziwa. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akakiangalia kikombe chake kikubwa kilichokuwa kwenye sinki.

"Nani alinifundisha kumeza na maziwa?" aliuliza.

"Wewe mwenyewe, Bibi."

"Nilijua ni mtu mjinga."

Mzee Armand akaufunga mlango wa upande wa zizi. "Semeni polepole. Ng'ombe wakisikia watagoma."

Kidonge kikahamia kwenye maji. Bibi aliiweka bilauri kando ya kitanda, akawa anameza, anakamua, na chai anakunywa akirudi. Maziwa akayapa saa ya mchana, akayanywa taratibu kama mgeni anayeheshimiwa. Baada ya chakula alilala kwenye kochi na chupa ya maji moto miguuni, na mtu akipiga simu niliambiwa niseme: amelala. Siyo yuko nje, siyo yuko zizini. Amelala. Alizunguka zizi mara kadhaa kila siku, akinishika mkono penye barafu, na siku moja alirudi amefurahi kabisa kwa sababu plamu zilikuwa zimefanya kazi. Sitaeleza zaidi.

Lakini kichwa kilikuwa bado hakijawaka. "Ni kama gari asubuhi ya baridi," alisema. "Litawaka. Ila usinipigie honi."

Mazoezi tuliyafanya jikoni jioni, baada ya kukamua. Viti vinane ndio wachezaji, Mzee Armand kwenye kona na fidla, bibi mezani na ngumi yake ikiwa maikrofoni. Mwaka ule nilikuwa nimeandika vizuri kuliko miaka yote. Alianza:

"Mshike wako mkono, kama umeshika yai,
Zungukeni kwa mfano wa kijiko kwenye chai..."

Sauti nzito ilipendeza, nakiri. Mstari wa kwanza ulifika kwa wakati. Wa pili ulifika na fidla imeshapita. Kijiko kilikuwa bado kinazunguka kwenye chai wakati watu walitakiwa wawe wamebadilishana wenzi. Wa tatu hakuupata kabisa. Mzee Armand aliendelea kupiga akitazama dari, kwa adabu.

Tulirudia. Tulirudia tena. Mara ya mwisho alipokwama hakutafuta neno. Aliketi kwenye kiti kimoja cha wachezaji, akaniomba kalamu.

"Nini?" niliuliza.

"Nafupisha."

Akachora mstari juu ya yai. Akachora mstari juu ya chai. Pale palipokuwa na shairi pakabaki: *Mshike mkono. Zunguka. Mwache.*

"Bibi, umeliua."

"Nimeliondoa njiani. Mimi sasa nina pumzi ya maneno mawili na akili ya kusema moja kabla halijafika. Nikisema mawili kwa wakati, watu watacheza. Nikisema kumi na sita kwa kuchelewa, Delbert Pike atamvunja mtu mguu, na mwaka huu, kwa lile daraja analolidai mtoni, kuna watu wanaotaka kumvunja yeye."

"Lakini ni mistari mizuri."

"Mizuri sana. Nani aliyekuwa anaisikia?"

Nikatazama ile mistari aliyoikata.

"Nakuuliza kweli. Katika miaka yote hiyo, nani aliwahi kukuambia, Royce, ule mstari wa tatu umenigusa? Walikuwa wanatafuta mkono wa kushoto."

Niliondoka jikoni nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Nilipasua mpaka mabega yakaniuma. Kisha nikaanza kuona jambo, na lilinikera kuliona, kwamba neno moja linalotua mahali pake ni gumu kuandika kuliko kumi na sita yenye mapambo. *Zunguka* inafikia wapi? Inaanza juu ya mdundo gani ili iishe kabla mguu haujanyanyuka? Nikarudi ndani na theluji kwenye buti, nikamnyang'anya kalamu.

"*Mwache* ni laini mno," nilisema. "Haitasikika juu ya fidla. Sema *Achana*."

Akaijaribu kwa ile sauti ya besi. "Achana." Mzee Armand akagonga upinde kwenye fidla akasema, "Hilo limenifanya nimwachie mke wangu, na hayupo hapa."

Tulikaa tukachonga hivyo, neno kwa neno, mpaka dansi nzima ikaingia kwenye kiganja. Tukachagua na nyimbo za mwendo wa wastani, zile ambazo wazee walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba hazipigwi tena kwa sababu bibi aliziona za kulaza watu.

Jumapili Bi Opal alikuja, bila keki. Aliketi na koti lake mwilini. Bibi akaita, fidla ikapiga, na viti vikacheza bila kosa, kama viti vinavyoweza.

"Hayo tu?" aliuliza Bi Opal.

"Hayo tu."

"Na mizaha? Na yale mashairi ya mtoto?"

"Mtoto yuko hapa anakusikia," nilisema.

"Simama basi, mtoto, tuone."

Nilimshika mkono na tukacheza kati ya viti, yeye na koti lake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. *Mshike. Zunguka. Achana. Mbele. Nyuma.* Nusu ya wimbo nilihisi bega lake limelegea. Mzee Armand alipomaliza, Bi Opal alibaki amesimama, amekunja uso kama mtu anayeonja supu.

"Verna, Armand amekuwa akipiga hivi miaka yote?"

"Muulize."

"Miaka arobaini," alisema Mzee Armand. "Asante kwa kusikiliza."

Bi Opal akafunga vifungo vya koti. "Kijana wa Burlington nitamwambia barabara imefungwa kwa theluji. Lakini Verna, ukiniita Gladys mbele ya watu nazima umeme."

Mkutano wa Jumanne ulikuwa mbaya, hata kwa viwango vyetu. Watu waligombana juu ya daraja la mto hadi kura ikahesabiwa mara mbili, na Delbert Pike, aliyelitaka daraja, akatoka nje akaacha kofia yake. Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa, na kila mtu alikuwa amejipanga kwa makini asisimame karibu na mtu fulani. Mezani kulikuwa na sahani za theluji safi iliyomiminiwa sharubati ya moto ya mti wa mepo, utomvu wake uliochemshwa, ikaganda kama gundi tamu, na donati, na matango ya siki ya kukata utamu ule.

Bibi tulimwekea kiti jukwaani karibu na jiko, na blanketi la farasi magotini. Watu walimwona ameketi, na ukumbi ukapungua sauti. Miaka yote alikuwa anasimama, anatembea, anapiga mguu. Nilikuwa nyuma yake, na karatasi yangu mfukoni, mistari mirefu yote, endapo angekwama. Nilikuwa tayari kuichukua ile maikrofoni. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshasafisha koo.

"Pangeni mistari miwili," alisema. Ile sauti ilitoka kwenye spika ikatua sakafuni. Mtu mmoja akacheka, akaacha. Wakapanga.

Mzunguko wa kwanza watu walikuwa wanasubiri maneno zaidi. Ulikuwa unawaona wameinua nyuso, kama wanaongoja mtu amalizie sentensi. Maneno hayakuja. Yalikuja manne, matano, kila moja mahali pake, kisha fidla. Mzunguko wa pili wakaacha kumtazama yeye wakaanza kutazamana. Delbert Pike alijikuta mikononi mwa yule yule aliyehesabu kura mara mbili, akamzungusha kwa nguvu kupita kiasi, naye akarudishiwa hivyo hivyo, na wote wawili wakatoka kwenye mzunguko ule wanahema na wekundu usoni, hawajui kama wamepigana au wamecheza. Daktari Haskins alipita chini ya jukwaa akamtazama bibi jinsi madaktari wanavyotazama, na bibi akamtolea ulimi.

Mzunguko wa tano bibi aliita *Zunguka*, na baada ya hapo hakuita kitu.

Nikangoja. Mdundo ulipita. *Achana* haikuja. Nikaona amepotea, nikanyoosha mkono kuchukua maikrofoni na mstari wa yai ukiwa mdomoni mwangu tayari. Aliihamishia upande wa pili na kuitia chini ya blanketi.

"Kaa chini."

"Umesahau, Bibi?"

"Sijasahau. Watazame."

Nikatazama. Hakuna aliyekuwa amesimama. Waliachana palipotakiwa waachane, wakaenda mbele, wakarudi nyuma, mistari miwili mirefu ikifunguka na kufungika kwa mlio wa buti sakafuni na fidla ya Mzee Armand juu yake, na hapakuwa na mtu anayewaambia. Wachache walikuwa wamegundua na walikuwa wanacheka wakizunguka. Wengi hawakuwa wamegundua.

Bibi aliketi na mikono ndani ya blanketi, uso wake uliovimba umepata rangi kwa sababu ya jiko. Alikuwa na baridi bado, najua, na Aprili ilikuwa mbali. Nilimletea sahani ya theluji tamu. Akala tango la siki kwanza, akasema mwaka huu wamelipatia.

"Hujawahi kunyamaza katikati ya wimbo," nilimwambia.

"Sikuwahi kuwa na nafasi. Nilikuwa naongea." Akamwangalia Bi Opal akipita. "Kumbe wanacheza vizuri hivi?"

Mzee Armand alifika mwisho wa wimbo na akainua nyusi kuelekea jukwaani, akiuliza afunge au vipi. Bibi alikuwa na donati mdomoni. Akamnyooshea kidole, akakizungusha hewani: tena.